Kifaa cha harufu cha kuchomeka kinachopokea rifili tofauti: dalili, chanzo na dawa yake

Maduka ya Mwanga hapa Kigoma hayakai na rifili, yaani chupa ya akiba ya kubadilisha harufu ikiisha, ya aina moja mwaka mzima. Mwezi huu utakuta chupa za kampuni moja, mwezi ujao za nyingine, halafu zinaingia zisizo na jina kutoka Dubai, kisha rafu inakaa tupu mpaka basi la Dar es Salaam lilete mzigo. Glade, Air Wick na Ambi Pur kila moja ilitengenezewa kifaa chake. Mwenye gesti aliyechomeka vifaa kwenye vyumba vyote anajikuta na mashine nzima zisizo na cha kunywa. Hapo ndipo kifaa kimoja kinachopokea chupa tofauti kinapopata soko, na hapo hapo ndipo matatizo yake yanapoanzia.

Ndani ya kifaa chenyewe mna vitu vichache: chupa ya mafuta ya harufu, mara nyingi ya kama 20 ml; utambi unaonyonya mafuta kama ule wa koroboi, ila huu hauwashwi; na hita ndogo ya wati 2 au 3 inayozunguka ncha ya utambi na kuyageuza mafuta kuwa mvuke. Vifaa vya namna hii vinapofeli kwa sababu ya kubadilishiwa chupa, fundi huongeza wati, mwenye duka hulaumu mafuta, na mteja hulaumu umeme. Mara nyingi kosa liko kwenye milimita mbili tu: ncha ya utambi haipo pale ambapo hita inaitarajia.

Kwa hiyo kabla ya kufungua skrubu yoyote, shika kalipa, kile chombo cha kupimia kipenyo kwa milimita. Kwa kila aina ya rifili pima kipenyo cha shingo, kipenyo cha utambi, na urefu wa utambi kuanzia ukingo wa shingo hadi nchani. Andika kwenye daftari. Bila vipimo hivyo vitatu, yote yanayofuata hapa ni kubahatisha.

Chupa inacheza, inaegemea upande au inadondoka

Kishawishi cha kwanza cha kila mbunifu ni vidole vya plastiki vinavyojipanua ili vishike shingo yoyote. Siku ya kwanza vinashika vizuri sana. Tatizo ni kwamba plastiki ikikaa imekunjwa huku inapata joto, hulegea taratibu na hairudi tena. Mvuke wa manukato nao unailainisha. Baada ya wiki kadhaa chupa inaanza kuning'inia kwa mbele, na utambi unaegemea hita upande mmoja.

Mimi napendelea pete za kubadilisha. Kifaa kina tundu moja pana la kudumu, na kila aina ya rifili ina pete yake ya rangi yake: nje zote zinalingana na tundu, ndani kila moja inalingana na shingo yake. Pete ikichoka unabadilisha pete, si kifaa kizima. Faida nyingine ni kwamba kimo cha pete unakipanga wewe, hivyo chupa yenye utambi mfupi inapandishwa na ile yenye utambi mrefu inashushwa, na zote zinafika kwenye hita kwa usawa mmoja. Hili la pili ndilo kubwa kuliko la kwanza.

Kama chupa inakaa imara lakini kifaa kizima kinainama kwenye soketi, tazama uzito na umbali wake kutoka ukutani. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa vya nyumbani, IEC 60335-1, kinataka kifaa cha kuchomeka moja kwa moja kisiipindishe soketi kwa nguvu inayozidi 0.25 Nm (niutonimita, kipimo cha nguvu ya kupindisha). Kifaa cha gramu 150 ambacho uzito wake umesogea sentimita 5 kutoka ukutani kinatoa kama 0.07 Nm, kwa hiyo kiko salama. Ila soketi nyingi za nyumba za zamani zimelegea tayari, hivyo chupa iwe karibu na ukuta kadiri inavyowezekana.

Taa inawaka, chupa imejaa, chumba hakinukii

Anza na pua, kwa sababu ndiyo inayodanganya kuliko yote. Mama mwenye gesti atakwambia, "Mwanangu, kile kidude chako kimekufa, sisikii hata harufu," wakati mgeni aliyeingia sasa hivi kutoka stendi anasema chumba kinanukia asumini. Pua inayokaa na harufu moja kutwa nzima huacha kuisikia. Usibishane na mama wala na mgeni. Pima chupa.

Mizani ndogo ya kupimia dhahabu, ile inayosoma gramu 0.01, inatosha kabisa. Chupa ya 20 ml iliyokusudiwa kudumu siku 30 inatakiwa ipoteze karibu 0.67 ml kwa siku, yaani kama gramu 0.6. Pima leo jioni, pima kesho jioni saa ile ile. Ikipungua gramu 0.5 au zaidi, kifaa kinafanya kazi. Mwambie mteja akizime mchana au akihamishie kwenye korido. Ikipungua gramu 0.1, tatizo ni la kweli na unaendelea kutafuta.

Sasa toa chupa utazame ncha ya utambi. Ikiwa imelowa lakini baridi, hita haifiki. Hapa kwenye vifaa vya rifili tofauti chanzo karibu kila mara ni kimo: utambi umeishia chini ya pete ya hita badala ya kuingia ndani yake. Njia ya haraka ya kuona ni kuchovya ncha ya njiti kwenye rangi ya kucha, kuipaka kwenye ukingo wa ndani wa hita, kisha kuingiza na kutoa chupa kabla rangi haijakauka. Alama kwenye utambi itakuonyesha ulifika wapi na umeegemea upande gani. Ikiwa hakuna alama, huenda umekaa katikati sawasawa, au haukufika kabisa. Hapo kalipa na daftari vitaamua.

Lengo ni utambi kukaa katikati ya tundu la hita, ukizungukwa na nafasi ya karibu 1 mm hadi 1.5 mm. Tundu la 10 mm na utambi wa 7 mm vinakupa 1.5 mm kila upande. Weka utambi wa 5 mm kwenye tundu hilo hilo na nafasi inakuwa 2.5 mm, hewa inachukua joto kabla halijafika kwenye mafuta. Usikimbilie kuongeza wati kwa ajili ya utambi mwembamba, kwa sababu siku mteja akirudisha chupa ya utambi mnene, kifaa hicho hicho kitaukausha. Kinachofaa ni kigari: hita ikae juu ya kipande kinachopanda na kushuka milimita 6 hadi 8 kwa gurudumu dogo la kidole. Utambi ukiingia zaidi ndani ya hita, harufu inaongezeka, ukitoka, inapungua. Gurudumu hilo moja linafanya kazi mbili, kurekebisha tofauti za chupa na kumpa mteja kipimo cha harufu anachotaka.

Kama kimo na katikati viko sawa, ndipo uangalie umeme. Kigoma ilikaa miaka mingi kwenye jenereta za dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, na hata leo nyumba iliyo mwisho wa laini huona taa zikififia saa mbili usiku. Hita ya rezista inafuata umeme kwa ukali: volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, nguvu inashuka hadi asilimia 68 tu. Hita ya 2.5 W inakuwa ya 1.7 W, na jioni, wakati ambao watu wapo nyumbani na wanahitaji harufu, ndiyo inazubaa. Dawa yake ni hita ya aina ya PTC, ambayo ukinzani wake hupanda kadiri inavyopata moto. Umeme ukipungua yenyewe hujiachia na kuvuta zaidi, umeme ukizidi hujibana, na joto la uso wake linabaki karibu pale pale. Inagharimu zaidi ya rezista, lakini kwa kifaa kinachokusudiwa kupokea chupa za kila aina kwenye umeme wa kila aina, sioni sababu ya kutumia kitu kingine.

Siku za mwanzo harufu kali, baada ya wiki mbili kimya

Ukitoa chupa, utaona ncha ya utambi imegeuka kahawia, ngumu, inang'aa kidogo kama imepakwa vanishi. Kwangu hiyo ndiyo dalili ya wazi kuliko zote katika kazi hii: utambi umeziba.

Mafuta ya harufu ni mchanganyiko. Vile vyepesi, kama vya limau na chungwa, hutangulia kuruka. Vizito kama vanila hubaki nyuma na kujikusanya nchani. Kiasi fulani cha jambo hili hakikwepeki, na ndiyo sababu harufu ya siku ya ishirini si ile ya siku ya kwanza hata kwenye kifaa kizuri. Lakini utambi unaoziba ndani ya wiki mbili una sababu mbili. Ya kwanza ni joto kupita kiasi, kwa kawaida utambi ulioegemea hita ukaungua upande mmoja; rudi kwenye kipimo cha katikati. Ya pili ni kilichomo ndani ya chupa.

Watu hujaza chupa tupu wenyewe, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na mafuta ya kupikia. Mtu anachukua mafuta ya nazi, ya alizeti au hata mawese yetu, anadondoshea marashi ya udi, anajaza. Mafuta hayo hayageuki mvuke kwenye joto la kifaa hiki. Yanapanda kwenye utambi, yanafika nchani, yanakaa hapo yakiungua polepole mpaka njia yote inafungwa. Mawese, yenye sehemu inayoganda hata kwenye ubaridi wa asubuhi, ni mabaya zaidi. Utambi ulioziba hivyo hausafishiki. Tupa, weka mpya. Kwa kujaza upya, tumia mafuta ya harufu yaliyochanganywa na kiyeyushi kilichokusudiwa kazi hii, kama dipropilini glikoli au etha zake, na ununue kwa muuzaji anayekuonyesha lebo ya kopo.

Utambi ukiwa safi na laini na bado kifaa kimenyamaza, fungua kizibo kidogo. Ukisikia chupa inavuta hewa, umepata jibu: hakuna tundu la hewa, mafuta yametoka bila hewa kuingia, na chupa imejinyonya. Kwa rifili unazotengeneza mwenyewe, acha mfereji mwembamba kwenye kizibo pembeni ya utambi.

Inavuja, ukuta una doa

Tazama kwanza soketi imewekwaje. Nyumba nyingi zina soketi za ekstensheni zinazolala sakafuni, na kifaa kilichochomekwa hapo kinalaza chupa au kuigeuza kabisa. Hakuna utambi utakaostahimili hilo. Mbunifu anaweza kuweka plagi inayozunguka robo duara ili chupa isimame hata soketi ikilala ubavu ukutani, lakini kwa soketi inayotazama dari jibu ni moja: hapana, na liandikwe kwenye boksi.

Chupa ikiwa wima na bado inatoka jasho, chanzo ni hewa iliyo ndani yake. Chupa ya 20 ml iliyofika nusu ina 10 ml za hewa. Ikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 45, hewa hiyo inataka nafasi ya ziada ya karibu 0.67 ml, na kama tundu la hewa halipo, inasukuma mafuta kiasi hicho kupitia utambi. Ni matumizi ya siku nzima yanayomwagika kwa mara moja. Maana yake kwa mbunifu: joto liishie kwenye utambi, lisishuke kwenye chupa. Acha nafasi wazi kati ya hita na bega la chupa, na toboa matundu ya hewa chini na juu ili hewa ipite ikipanda. Pete nene iliyogusana na hita itapeleka joto moja kwa moja kwenye shingo.

Kwa wenzetu wa Tabora kuna jambo la ziada. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko Dar es Salaam. Chupa iliyofungwa pwani inafika ikiwa na msukumo ndani. Ukiifungua imelala mkononi, inatema. Isimamishe wima, legeza kizibo, iache ipumue, kisha uitie kwenye kifaa. Kigoma, mita 770 na ushee, tunaliona pia kwa kiwango kidogo.

Plastiki inapasuka, inanata au inajikunja

Ukiona nyufa nyembamba kuzunguka pete, au uso wa plastiki unanata ukiugusa, uliza harufu gani imo ndani. Limonini, kiini cha harufu ya chungwa na limau, huyeyusha polistairini na hupasua plastiki ya ABS iliyo kwenye mkazo. Mafuta ya karafuu nayo ni makali kwa plastiki nyingi kwa sababu ya yujenoli iliyomo. Rifili ya asumini ilikaa miezi bila shida, mteja akaweka ya chungwa, pete ikapasuka: si bahati mbaya, ndivyo kemia ilivyo. Pete na kila sehemu inayoweza kudondokewa itengenezwe kwa polipropilini au nailoni.

Wanaotengeneza sampuli kwa printa ya 3D wakumbuke kwamba plastiki ya PLA hulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Inafaa kupimia kama chupa inaingia. Haifai kuachwa ikiwaka usiku kucha, na kamwe isishike sehemu ya umeme.

Kinapata moto sana au kinanuka kuungua

Chomoa kwanza. Usichunguze kikiwa kwenye umeme.

Kama kililetwa kutoka Marekani, soma volti zake. Hita ya 120 V ikiwekwa kwenye 230 V inatoa nguvu mara 3.67, ile ya 2.5 W inakuwa zaidi ya 9 W ndani ya kisanduku cha ukubwa wa ngumi. Adapta ya plagi inabadilisha umbo la pini tu, haipunguzi volti.

Kama ni chako, kagua hesabu ya rezista. Kwa 2.5 W kwenye 230 V unahitaji karibu omu 21,000, lakini kuna wanaopata omu sahihi wakasahau uwezo wa rezista yenyewe. Rezista ya wati 3 iliyofungiwa ndani ya saruji bila hewa haiwezi kubeba wati 2.5 miezi na miezi. Gawanya mzigo kwa rezista mbili kwa mfuatano, na uweke fyuzi ya joto inayokata moja kwa moja iliyogusana na hita. Kiwango cha vifaa vya kuvukiza, IEC 60335-2-101, kisomwe kabla ya kuchonga moldi, na sampuli ipelekwe TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla ya kuuza hata kimoja. Ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, za Kigoma na Tabora ni mahali pazuri pa kuanzia safari hiyo.

Kuhusu plagi yenyewe, tengeneza ya pini tatu za bapa. Kifaa cha pini mbili za mviringo kinamlazimisha mtu achokonoe tundu la juu la soketi kwa kalamu ili vizuizi vifunguke, na mtoto anayetazama atajaribu kesho kwa msumari. Pini ya juu inaweza kuwa ya plastiki, kazi yake hapa ni kufungua vizuizi tu.

Rifili imeingia vizuri, lakini haikupaswa kuingia

Hili halina dalili inayoonekana, na ndilo linaloninyima raha. Kifaa cha kupokea chupa tofauti lazima kiwe na chupa kinazozikataa.

Ya kwanza ni dawa ya mbu ya maji. Chupa yake inafanana sana na ya harufu, ina utambi na inawekwa kwenye kifaa cha kuchomeka, lakini imepangiwa hita yenye joto kubwa zaidi. Ukiiweka kwenye hita ya harufu, dawa inatoka kidogo mno. Familia inalala bila neti ikiamini inalindwa, katika mikoa ambayo malaria haijatutoka. Ukifanya kinyume, ukaweka mafuta ya harufu kwenye mashine ya mbu, yanaungua na kuisha kwa haraka. Chupa za mbu mara nyingi zina shingo ya uzi wa kufungia. Basi tundu la kifaa chako liwe laini, lisiwe na uzi, na usitengeneze pete ya chupa hizo hata ukiombwa na mteja mkubwa.

Ya pili ni chupa iliyojazwa spiriti au marashi ya kupulizia. Spiriti hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata chini ya nyuzi 20, na hapa unaipasha makusudi, karibu na pazia, chumba kimefungwa. Umbo la pete haliwezi kuzuia hili, kwa hiyo liandikwe kwenye kifaa chenyewe kwa herufi zilizochongwa kwenye plastiki, si kwenye karatasi itakayotupwa: USIJAZE SPIRITI.

Na kwenye boksi, badala ya "inafaa rifili zote", orodhesha zile ulizozipima. Mteja akileta chupa mpya, chukua vipimo vyake vitatu, ichapie pete ya majaribio, iweke kwenye mizani kwa siku saba mfululizo jioni saa ile ile, ukague utambi na shingo siku ya saba. Ikiwa inapungua sawasawa, utambi haujageuka rangi na pete haina ufa, iongeze kwenye orodha.